Ufukwe wa Kyavinyonge uchorwe kwanza, parsele zije baadaye

Katika miji yetu ya Butembo na Beni kuna jambo ninaloliona likijirudia mpaka watu wamelizoea. Pakibaki mahali pa wazi, watoto wakapachezea mpira, kina mama wakaanika mihogo, vijana wakapafanya njia ya mkato ya kwenda sokoni, haupiti muda mrefu kabla ya mawe ya mipaka kuota hapo. Asubuhi moja unakuta kamba imevutwa kutoka pembe hadi pembe. Wapita njia husimama, hutazama, huulizana kwa sauti ya chini ni nani aliyepauza. Wiki inayofuata matofali yanashushwa. Mwezi ukiisha, watoto wale wale wanakimbiza mpira wao barabarani, katikati ya pikipiki.

Msimamo wangu ni huu. Mtaa wowote mpya unaotaka kuanzishwa katika eneo letu uanze kuchorwa kwa mahali pa watu wote: njia, uwanja, miti, chemchemi, ufukwe. Hayo yakishawekwa kwenye ramani na kila mtu akayajua, ndipo parsele zikatwe katika ardhi iliyobaki. Sisi tunafanya kinyume. Tunakata parsele mpaka ardhi inaisha, halafu tunaanza kuhangaika tutajenga wapi shule. Na ramani yenyewe isichorwe na watu watatu waliojifungia ofisini. Ichorwe na wale watakaoishi ndani yake.

Ningeweza kuishia mjini na mifano ingetosha. Mto Kimemi unaopita Butembo umebanwa na nyumba na vibanda pande zote, hata mgeni anaweza kuuvuka asijue kwamba amevuka mto. Lakini pale tumekwisha kuchelewa kwa kiasi kikubwa. Nataka kuongea juu ya mahali ambapo bado kuna kitu cha kuokoa, nako ni Kyavinyonge, kwenye ziwa Edouard. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wao walikuwa wakiwajua samaki.

Kati ya maji na hifadhi

Kwa asiyefika, ukitoka Butembo unapita Kyondo kwenye baridi ya milima, kisha barabara inaanza kuteremka kuelekea bondeni. Joto linapanda, mbele yako ziwa linafunguka. Ni maji mengi: karibu kilomita za mraba 2,300, na zaidi ya thuluthi mbili ziko upande wa Kongo, zilizobaki ni za Uganda. Kyavinyonge imekaa kaskazini-magharibi mwa ziwa hilo. Mbele yake maji. Nyuma yake na ubavuni mwake, Hifadhi ya Virunga.

Upande wetu wa ziwa una vijiji vitatu vya uvuvi vinavyotambuliwa kisheria ndani ya hifadhi: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1925, enzi za Wabelgiji, ikapewa jina la mfalme wao Albert, ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Mwaka 1979 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu 1994 imo kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Hayo yote ni heshima kubwa kwa nchi. Lakini kwa mwananchi wa Kyavinyonge maana yake ya kila siku ni moja: mji wake hauna pa kupanukia. Watoto wanazaliwa, waliokimbia vita wanafika na magodoro vichwani, vijana wanaoa na kutaka nyumba zao, na ardhi ni ile ile.

Mahali pa namna hiyo ndipo kila mita inagombewa. Na mita zinazogombewa kuliko zote ni zile za ufukweni.

Tazama ufukwe huo asubuhi. Mitumbwi inarudi kutoka majini, na kabla haijagusa mchanga kina mama wamekwisha kuingia hadi magotini, beseni mkononi, kila mmoja akiita jina la mvuvi wake. Tilapia, kambare, kamongo. Bei inapatanwa hapo hapo, nyavu zikiwa bado zinatiririka maji. Hatua chache pembeni msichana anainamisha bidoni ya njano kuchota maji ya nyumbani, na mwenzake anasugua shuka juu ya jiwe. Marabu wamejipanga kando, shingo ndani ya mabega, wakisubiri matumbo ya samaki. Usiku ukiingia, viboko wanapanda kutoka majini kwenda kutafuta nyasi, na njia yao inapita katikati ya nyumba za watu.

Ukanda ule mmoja wa mchanga ni bandari, ni soko, ni kisima, ni mahali pa kufulia, ni uwanja wa watoto, ni njia ya kiboko. Hakuna hata shughuli moja kati ya hizo inayoweza kuhamishiwa mtaa wa pili. Sasa jiulize: ukikatwa parsele hadi majini, nani atapita wapi?

Mama wa samaki atapita kwa ruhusa ya mwenye uzio, na ruhusa ikizoeleka huwa na bei. Bei hiyo ataiongeza kwenye samaki, na samaki huyo ndiye anayepanda mlima hadi Kyondo na Butembo, ndiye anayekaangwa jioni nyumbani kwako wewe usiyewahi kuliona ziwa. Msichana wa bidoni atazunguka mbali zaidi, atafika shule amechelewa, siku nyingine hatafika. Kiboko hatazunguka. Yeye atapita palepale alipopita mama yake, na akikuta ukuta atageuka kwenye kichochoro, ambako kuna mtu anayerudi kutoka msibani usiku.

Kuna pia kipindupindu. Ugonjwa huu ni mgeni wa mara kwa mara kwenye fukwe za maziwa yetu ya mashariki, na hauhitaji mwaliko mkubwa: vyoo vikisogezwa karibu na mahali pa kuchota, umekwisha kukaribishwa. Mji uliopangwa hutenganisha choo na kisima kwenye karatasi, kabla ya jembe la kwanza. Mji uliojipanga wenyewe hugundua kosa hilo kwa kuhesabu wagonjwa.

Matete ni mtaji

Tatizo lingine halionekani kwa macho ya mnunuzi wa parsele. Kwake, sehemu ya ufukwe yenye matete na mafunjo ni uchafu wa kufyekwa ili mandhari ifunguke. Kwa mvuvi mzee, hapo ndipo samaki wanapozalia. Tilapia hutafuta maji ya kina kifupi yaliyotulia, na vifaranga hujificha kati ya mashina wasiliwe. Ukifyeka matete na kumwaga kifusi cha kujengea, umefunga chumba cha kuzalia cha ziwa zima, na hutaona matokeo mwaka huo. Utayaona wavu utakapoanza kurudi mwepesi, na hapo kila mtu atamlaumu jirani kwa wavu wenye matundu madogo.

Ziwa Edouard limekwisha kutuonyesha jinsi mambo yake yalivyofungamana. Miaka ya 1970 hifadhi hii ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000, kundi kubwa ambalo dunia nzima ililisifu. Ujangili wa miaka ya vita uliwamaliza hadi, katikati ya miaka ya 2000, wakabaki chini ya elfu moja. Kiboko hula nyasi nchi kavu na kuacha mbolea majini. Mbolea hiyo hulisha vijidudu, vijidudu hulisha samaki. Wavuvi walipoanza kusema kwamba samaki wamepungua tangu viboko wauawe, hawakuwa wakisimulia hadithi za babu.

Ndiyo maana ninaposema bustani ya ufukweni sina maana ya mabenchi na maua peke yake, ingawa mabenchi nayo nayataka. Nina maana ya ardhi ya wote ambayo sehemu yake ni matete yasiyoguswa, sehemu yake ni gati la mitumbwi, sehemu ni soko lenye paa, sehemu ni miti ya kivuli ambapo nyavu zinashonwa na watoto wanacheza, na sehemu ni njia pana iliyoachwa kwa ajili ya wanyama. Na karibu na hapo, Ishango, ambako mto Semliki unatoka ziwani, mwaka 1950 mtaalamu wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye mistari iliyochongwa kwa mpangilio, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Watu wameishi kwa samaki wa ufukwe huu tangu kabla ya mfalme yeyote na hifadhi yoyote. Sisi tutakuwa kizazi cha kuuza njia ya kufikia maji?

Majirani walioficha ziwa

Anayedhani natia chumvi aende Goma. Mji ule umekaa kwenye ziwa Kivu, moja ya maziwa mazuri kuliko yote Afrika, na bado unaweza kutembea muda mrefu kandokando yake usilione. Unachokiona ni kuta, mageti na waya. Nyuma ya kuta ni majumba na hoteli. Mwananchi wa kawaida amebakiziwa penyo chache, na kwenye penyo hizo amejazana na mabidoni, kwa sababu watu wengi wa Goma bado wanategemea maji ya ziwa. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na lava ikaharibu mabomba ya maji, mahitaji hayo yaliongezeka kwa siku moja, lakini penyo hazikuongezeka. Bukavu ni hivyo hivyo: rasi zake zilizoingia ziwani, ambazo zingekuwa fahari ya wakazi wote, zimejengwa hadi majini, na mtoto aliyezaliwa juu mlimani Kadutu anaweza kukua akilitazama ziwa kwa mbali kama picha ya ukutani.

Hakuna mkutano wowote uliowahi kuitishwa Goma wakazi wakaulizwa, je, mnakubali ziwa lenu lizungushiwe ukuta? Ilikuja parsele moja moja. Kila moja ilikuwa na karatasi zake na mihuri yake. Ubaya wa mambo haya ni huo, hayana siku ambayo unaweza kusema leo tumenyang'anywa.

Upande wa Kenya, Kisumu inatufundisha somo la pili. Mji huo uliamka ukataka kurudisha ufukwe wake: bandari ikakarabatiwa, na Mei 2022 ukapokea mkutano wa miji ya Afrika, Africities. Ni maendeleo ya kweli. Lakini vibanda vya Lwang'ni, ambako wakazi na wageni walikuwa wakila samaki mbele ya ziwa kwa miaka mingi, vilivunjwa, na waliokuwa wakipikia pale wakajikuta nje ya uzuri uliokuwa unakuja. Ufukwe unaweza kupangwa vizuri na bado ukamtupa nje yule aliyeufanya uwe na uhai. Kwa hiyo kupanga peke yake hakutoshi. Lazima tuulize ni nani aliyeshika kalamu.

Sheria ipo, mita hazitoshi

Tusijidanganye kwamba hatuna sheria. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, na ile iliyotengwa kwa matumizi ya watu wote haiwezi kuuzwa kabla ya kuondolewa rasmi katika matumizi hayo. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inatambua haki ya wananchi kushirikishwa, na inataka wahojiwe kabla ya miradi inayoweza kuathiri mazingira yao. Katiba ya 2006, ibara ya 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Mipango miji, kwa miaka mingi, imeendelea kusimama juu ya amri ya tarehe 20 Juni 1957, iliyoandikwa kabla ya uhuru, wakati Butembo ilikuwa kituo kidogo cha mlimani. Butembo na Beni zilipata hadhi ya miji mwaka 2003 zikiwa zimekwisha kukua bila ramani.

Majirani wameweka mita. Tanzania, kwa sheria yake ya mazingira ya 2004, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kwa maziwa makubwa. Wapo wanaotaka tunakili namba moja wapo na kuimaliza kazi. Mimi sikubaliani nao. Mita 200 zikipimwa kwa nguvu Kyavinyonge, sijui nani angebaki na nyumba; na atakayefukuzwa wa kwanza ni yule mwenye mtumbwi, ambaye kazi yake iko majini. Mwenye hoteli atakuwa na karatasi ya kumruhusu kubaki. Tumeiona hiyo mara nyingi mno.

Tunachohitaji ni tofauti. Ufukwe usiwe mtupu, uwe wa wote. Mtu asimiliki mchanga, lakini kazi za watu zibaki pale pale: kushona nyavu, kupokea samaki, kukausha, kuuza. Nyumba za kulala zirudi nyuma. Hilo haliamuliwi na namba iliyotoka mji mkuu. Linaamuliwa kwa kutembea ufukweni na wanaoujua, hatua kwa hatua, hapa matete, hapa gati, hapa njia ya kiboko.

Wafanyabiashara wa Butembo, hili ni lenu

Chicago, Marekani, ni mji mkubwa uliokaa kwenye ziwa Michigan. Mwaka 1836, mji ukiwa bado matope na mbao, waliogawa viwanja waliandika kwenye ramani kwamba kipande kimoja cha ufukwe kibaki cha umma daima, wazi, bila jengo lolote. Mistari michache tu kwenye ramani. Mji ulipotajirika, wakubwa wakaanza kukijenga kipande kile. Aliyewapeleka mahakamani alikuwa mfanyabiashara, Montgomery Ward, tajiri wa kuuza bidhaa kwa njia ya posta. Kuanzia 1890 alipigana kesi kwa miaka ishirini hivi, wenzake matajiri wakamkasirikia, magazeti yakamsema. Alishinda. Leo mbele ya majengo marefu ya Chicago kuna bustani ndefu ya ziwa ambayo maskini na tajiri wanaitembea bila kulipa. Alishinda kwa sababu ile mistari ya 1836 ilikuwapo. Bila ramani ya mwanzo asingekuwa na cha kumwonyesha jaji.

Nasimulia habari hiyo kwa sababu Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Miaka ambayo Serikali haikuonekana, wao ndio waliochanga barabara zitengenezwe na majengo ya umma yasimame. Mizigo yao inatoka Dubai na China, wameona miji ya watu, wamekaa kwenye bustani zake wakisubiri kontena zao. Wengi wao pia ndio wenye fedha za kununua ufukwe ukitangazwa kuuzwa. Naomba, na naomba kwa moyo wote, wawe upande wa Ward.

Hata hapa karibu tunao mfano wa kujivunia. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama Nairobi kupinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kupandwa katikati ya Uhuru Park. Alitukanwa bungeni, akaambiwa hana adabu. Jengo halikujengwa, na bustani ipo. Na Zanzibar, bustani ya Forodhani mbele ya Mji Mkongwe ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009 kwa kazi ya taasisi ya Aga Khan. Jioni wachoma pweza na wauza urojo wanapanga meza zao palepale, familia zinakaa ukutani, watoto wanaruka baharini. Waliopanga walitambua kwamba moshi wa mishikaki ni sehemu ya bustani.

Watu hukataa wasichoulizwa

Nani hakumbuki Ebola? Ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikamalizwa rasmi tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Dawa zilikuwepo, chanjo ilikuwepo, fedha zilikuwepo, magari yalikuwa mengi kuliko tulivyowahi kuona. Bado Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Sitetei hata kidogo waliofanya vile. Watu walikufa kwa sababu ya moto ule. Lakini sote tuliokuwa hapa tunajua ni uchungu wa namna gani uliokuwa umelimbikizwa: wageni walikuja na maamuzi yaliyokwisha kufanywa, maiti zikazikwa bila wazee kuulizwa, wananchi wakaambiwa watii. Hali ilianza kubadilika pale wauguzi wa hapa, mapadri, wachungaji, wakuu wa vijiji na kina mama wa mitaa walipokabidhiwa kazi ya kuongea na watu wao kwa lugha yao.

Ramani ya mtaa si ugonjwa, lakini sheria ya moyo wa mtu ni ile ile. Mwaka 1935 hifadhi hii ilipopanuliwa, wakazi hawakuulizwa. Ugomvi wa mipaka kati ya wakulima na walinzi unaendelea hadi leo, na umekwisha kuzika vijana wa pande zote mbili. Januari 2025 Serikali iliunda Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita za mraba 540,000, na kuahidi kwamba safari hii wananchi watashirikishwa. Naipokea ahadi hiyo, na nasema ipimwe mahali padogo kwanza. Ikishindikana kushirikisha watu wa ufukwe mmoja wa Kyavinyonge, itawezekanaje kwa nusu milioni ya kilomita za mraba?

Wala si jambo la kuletewa kutoka nje. Wayira, yaani Wanande, wana kyaghanda, nyumba ya mazungumzo, ambako neno zito halikuamuliwa kabla wazee hawajakaa, wakasikilizana, wakalala nalo, wakarudi. Penye wazee haliharibiki neno. Nitaongeza kwamba siku hizi lazima waketi humo pia wanawake, kwa sababu samaki akitoka majini yuko mikononi mwao, na vijana, kwa sababu wao ndio watakaoishi miaka hamsini ndani ya tutakachochora.

Nini kisiitwe kushirikisha? Kuita watu saa mbili, kuwaonyesha ramani iliyokwisha kupigwa muhuri, kuwaandikisha majina na kuwagawia soda. Karatasi ya mahudhurio imekuwa ikitumiwa hapa kama ushahidi wa kukubali. Mtu aliyesaini amesema alikuwepo; hajasema anakubali.

“Bustani wakati wa vita?”

Najua swali hili linakuja, na wanaoliuliza si watu wabaya. Tangu Oktoba 2014 wananchi wa Beni wanachinjwa. Tarehe 6 Mei 2021 mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Machi 2024 Vitshumbi, ndugu yake Kyavinyonge upande wa kusini mwa ziwa, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Kuna familia zinazolala makanisani. Katikati ya hayo mtu anaandika juu ya miti na mabenchi?

Naandika kwa sababu hiyo hiyo. Vita haijawahi kusimamisha biashara ya ardhi. Inaiharakisha. Anayekimbia huuza kwa hasara, anayefika hununua chochote apate pa kulaza watoto, na mwenye fedha na mhuri hupita katikati akikusanya. Ofisi zinafanya kazi haraka kuliko kawaida kwa sababu hakuna anayezitazama. Macho yote yako barabarani, masikio yakisikiliza milio. Amani ikirudi, na itarudi, tutakuta ufukwe una wenyewe, wote wakiwa na karatasi, na kuwaondoa kutahitaji vita nyingine. Waliokimbia nao wanahitaji mahali pa wazi kuliko mtu yeyote. Familia ya watu tisa iliyopewa chumba kimoja na jamaa haina sebule isipokuwa ile ya nje. Mtoto aliyeona asichopaswa kuona anahitaji uwanja wa kukimbia mpaka achoke. Hiyo ni dawa, na haina gharama nyingine zaidi ya kutouza.

Ramani ninayoiomba

Mambo ninayoyaomba yanaweza kuanza mwezi huu, bila kusubiri mfadhili. Mkuu wa eneo la Beni, mwami na wazee wake, watu wa kadastre na wa ICCN, taasisi inayosimamia hifadhi, wakubaliane jambo moja: hakuna parsele mpya ya ufukweni itakayotolewa Kyavinyonge, kwa mtu yeyote, awe mwanajeshi, padri au tajiri, mpaka ramani ya mahali pa wote ikamilike. Tangazo hilo lisomwe makanisani, misikitini na kwenye redio, kwa Kinande na Kiswahili, ili atakayeuza kesho asiseme hakujua, na atakayenunua pia.

Kisha watu watembee ufukwe mzima pamoja. Wavuvi waonyeshe matete ya kuzalia na mahali mawimbi yanapopiga kwa nguvu. Walinzi wa hifadhi waonyeshe njia za viboko na tembo. Wahudumu wa afya waonyeshe kipindupindu kilianzia wapi mara zilizopita. Kina mama waseme soko likae wapi, choo kikae wapi, taa ikae wapi, maana wao ndio wanaopita gizani. Waliokimbia vita wasiambiwe kwamba hawana parsele basi hawana sauti. Vigingi vya mbao vipigwe hapo hapo, vibaki miezi kadhaa, watu waishi navyo, wavipinge, vihamishwe, vipigwe tena. Kigingi cha mbao kinahamishika. Ukuta wa matofali hauhamishiki, na hiyo ndiyo sababu ya kuanza na mbao.

Ramani ikikamilika ibandikwe mahali pengi: shuleni, zahanati, gati, ofisi ya wavuvi. Nakala iwekwe Beni, nyingine Butembo, nyingine chuo kikuu cha Graben, ambacho kinafundisha hapa tangu 1989 na kina wanafunzi wanaoweza kuipima na kuichora sawasawa. Ikiwa mahali pamoja tu, itapotea siku moja pamoja na faili lake. Na ikipotea, Ward wetu wa mwaka 2060 hatakuwa na cha kumwonyesha jaji.

Kikao cha kwanza kifanyike Kyavinyonge kwenyewe, kwenye mchanga, saa nne hivi za asubuhi, mitumbwi ikiwa imekwisha kurudi na kina mama wamemaliza kuuza. Wakubwa kutoka Beni na Butembo walale huko usiku wa kuamkia kikao, wawasikie viboko wakipita.